Ya Wikendi au ya Kuishi

Mwanamume akikualika kwenda kula, unajua uvae nini. Akikualika arusini, unajua zaidi. Lakini mwanamume akikupigia simu Ijumaa jioni, akakwambia kwa sauti yake nzito ya kwaya, "Mama Gloire, kesho nitakupitia, twende Kenton tukachague mashine ya kulainisha maji," hebu niambie, hapo unavaa nini?

Célestine alilala na swali hilo, akaamka nalo. Asubuhi alivaa kitenge cha kijani, akakivua kwa kuona kinasema mengi. Akavaa sketi nyeusi ya kazini, akaivua kwa kuona haisemi kitu. Mwisho akakirudia kitenge. Akaipaka mafuta mikono yake iliyochubuka kwa miaka ya kusafisha ofisi za watu, akachukua mkoba mkubwa, na ndani yake akatia kopo la plastiki lililofunikwa vizuri. Ndani ya kopo mlikuwa na nini, tutafika huko.

Chini ya ghorofa lao la Tottenham, London, gari-nyumba la Zéphyrin lilikuwa limeziba nusu ya barabara, jeupe, na mapazia ya maua ambayo aliuziwa pamoja na gari. Majirani walikuwa madirishani. Zéphyrin mwenyewe alisimama mlangoni amevaa koti la ibada, siku ya Jumamosi! Célestine akashukuru kimoyomoyo kwamba hakuvaa ile sketi.

"Nipe mkoba nikupokee, Mama Gloire."

"Uache, Papa Keren. Nitaupakata mwenyewe."

"Una nini humo?"

"Una nini wewe na mkoba wangu? Endesha gari."

Sasa ngoja nikueleze walivyokuwa wawili hawa. Zéphyrin, baba yake Keren, alikuwa mgane wa kutoka Uvira, mtu mzima mwenye mvi za heshima. Zamani aliendesha mabasi ya London, kisha akaacha, akanunua gari lile na kuanza kuzunguka nalo akitengeneza vinanda vya makanisa ya Wakongomani, leo Leeds, wiki ijayo Birmingham. Alilala humo, alipika humo, maisha yake yote yalikuwa humo. Siku ya Pasaka, watu wakitawanyika baada ya ibada, alimvuta Célestine kando akamwomba wafunge ndoa, wazunguke pamoja. Célestine, mjane wa Bukavu ambaye moyo wake aliudhani umeshafunga duka, aliomba muda hadi Pentekoste. Zéphyrin akakubali, na tangu siku ile hakuligusa tena neno hilo.

Pentekoste ilikuwa kesho.

Na jambo lenyewe halikuwa dogo, jamani. Kusema ndiyo kulikuwa na maana ya kurudisha fleti kwa kaunsili, serikali ya mtaa iliyompangisha, kwa sababu kaunsili haimtunzii nyumba mtu anayeishi barabarani, na ukishairudisha umeirudisha. Fleti ile yenye ukungu bafuni ilikuwa na mlango wa kwanza ambao Célestine aliufunga kwa ndani akalala usingizi, baada ya yote waliyopitia. Walipokimbia nyumbani walisafiri juu ya magunia ya makaa kwenye lori, mwanawe Gloire akiwa mtoto analala mapajani pake. Gloire sasa alikuwa nesi na kwake mwenyewe. Kiswahili alikisikia chote lakini alijibu kwa Kiingereza, na aliposikia habari za gari-nyumba alijibu kwa Kiingereza kikali: Mama, umelisahau lori?

Hakulisahau. Ndiyo maana jibu lake lilichelewa.

"Papa Keren," alisema walipokuwa wamekwama kwenye foleni.

"Naam."

"Hii mashine ni ya nini hasa?"

"Ya kulainisha maji."

"Hilo ulisema kwenye simu. Mimi nauliza ya nini."

"Maji ya London yana chokaa. Inaziba mabomba, inaharibu hita, birika linaota ukoko..."

"Miaka yote hii umekaa na chokaa yako, hujalalamika hata siku moja."

Zéphyrin alikirekebisha kioo cha pembeni ambacho hakikuwa na tatizo lolote. Masikio yake yalikuwa yamepata joto, Célestine aliliona hilo waziwazi.

"Maharagi," alisema mwishowe.

"Nini?"

"Ni kwa ajili ya yale maharagi."

Eh Yezu! Célestine aligeuza uso dirishani asicheke. Majuma machache nyuma alimpikia maharagi ndani ya gari hili, pale nyuma ya kanisa. Yalichemka, yakachemka, mpaka gesi ikaisha mtungini, na maharagi bado yanagonga sahani. Zéphyrin alitafuna moja baada ya jingine akisema, "Matamu, matamu kabisa," huku taya zinamuuma. Walimalizia na mkate. Kurudi nyumbani Célestine alilia kidogo, siyo kwa ajili ya gesi. Mama yake Bukavu alikuwa akisifiwa mtaa mzima kwa maharagi laini, na yeye tangu afike London hakuwahi kuyalainisha mara moja bila kutia magadi, na ya magadi yalinuka sabuni. Aliamini mkono wake ulikuwa umekufa.

Kwa hiyo mwanamume huyu alikuwa ameliwaza jambo hilo wiki zote hizo, kimya kimya, na leo alikuwa amelivalia koti la ibada. Célestine alimtazama kwa pembe ya jicho mpaka wakafika Kenton.

Duka lilikuwa jembamba na limejaa mabomba, mipira ya maji na ndoo mpaka darini. Nyuma ya kaunta alikaa mama wa Kihindi mwenye sweta juu ya sari. Alipowasikia wakibishana mlangoni ni nani aingie kwanza, akainuka kitini.

"Weee! Hiyo ni Swahili hiyo! Mnatoka wapi nyinyi? Mimi Pramila, mimi mtoto ya Kisumu. Karibu mama, karibu mzee. Lakini Swahili yenu iko tofauti kidogo, eh?"

"Congo," alisema Célestine akicheka. "Yetu ndiyo tofauti, ama yako?"

"Basi tusigombane, sote tuko mbali na nyumbani. Mnatafuta nini?"

Zéphyrin akaeleza. Pramila akaziweka mashine mbili, softena kama alivyoziita, juu ya kaunta, mitungi miwili ya chuma, mmoja mdogo wa kubeba kwa mkono mmoja, mwingine mkubwa wa kubeba kwa kujipanga. Kila mmoja ulikuwa na mdomo wa kuingizia maji na mdomo wa kutolea. Célestine akasogea, akainama, akauchungulia mdogo kana kwamba kuna mtu ndani.

"Inatumia umeme?"

"Hapana. Unafunga mpira kwa bomba la kambi, pale mnaegesha gari, maji inapita hapa, inatoka hapa, inaingia kwa tangi ya gari. Basi."

"Na chokaa inaenda wapi?"

"Ah, mama, hilo swali zuri. Watu hawaulizi." Pramila akatoa kikombe chenye vipunje vya rangi ya asali, vidogo kuliko mtama. "Ndani imejaa hizi. Hizi zinashika chokaa, zinashika, zinashika, mpaka zinashiba. Zikishiba unawapa chumvi, ile ya jikoni tu, unapitisha maji pole pole. Wanaachilia chokaa yote, unamwaga kwa mtaro, wanaanza upya."

"Na hazichoki?"

"Hazichoki kama unakumbuka kuwapa chumvi. Ukisahau zinanuna, kama bwana yangu Yogesh bila chai."

Célestine alivitia vidole ndani ya vipunje, akavichota, akaviacha vimwagike. Pramila akaleta chupa mbili za maji, moja ya bomba, moja iliyopitishwa kwenye softena, akadondosha tone la sabuni katika kila moja. "Tikisa."

Célestine akatikisa. Ya bomba ilifanya utando mchafu juu, basi. Ya pili ilijaa povu mpaka kizibo. Akatikisa tena, na tena, mwanamke mzima, huku Zéphyrin amesahau mitungi na anamtazama yeye. Célestine alihisi macho yale shingoni, lakini hakugeuka, alikuwa na swali moja kubwa.

"Na maharagi, dada?"

Pramila aliweka mkono kifuani. "Maharagwe! Mama, wacha nikwambie. Mimi nilifika hapa bado bibi arusi, nikapika chana, zile dengu zetu, siku nzima, ngumu kama kokoto. Mama mkwe anatazama tu. Nikaenda chooni nikalia. Nikafikiri ni mimi, nimesahau kupika."

"Hata mimi!" Célestine alimshika mkono juu ya kaunta. "Hata mimi, haki ya Mungu! Nilifikiri ni mkono wangu!"

"Si mkono. Ni maji."

Kumbe ni maji! Miaka yote ile amejilaumu bure. Célestine alitaka kucheka na alitaka kulia, akaishia kujipepea na kipande cha kitenge.

"Sasa moja ya muhimu," Pramila akaendelea. "Hii maji laini inabaki na chumvi kidogo. Kuna mtu ana presha? Ya kunywa muweke kando, isipite hapa."

"Anayo yeye," alisema Zéphyrin haraka. "Nimeshanunua dumu la maji ya kunywa. La bluu."

Célestine akageuka. Habari ya presha alikuwa ameitaja mara moja tu, zamani, kwenye maombi ya akina mama, na Zéphyrin alikuwa nyuma kabisa anafungua kinanda. Kwa hiyo alikuwa akisikiliza. Neno ndiyo lilimpanda Célestine mpaka kooni, likakaa pale tayari, na kama si aibu mbele ya Pramila angelitoa hapo hapo bila kungoja Pentekoste.

Pramila akaweka mkono mmoja juu ya kila mtungi. "Haya. Hii kidogo ni ya wikendi. Hii kubwa ni ya watu wanaishi ndani moja kwa moja. Nyinyi mnataka ya wikendi au ya kuishi?"

"Ya wikendi," alisema Zéphyrin.

Alilisema haraka, akitazama kaunta.

"Lakini mzee, umesema unaishi ndani ya gari."

"Mimi naishi peke yangu. Natumia maji kidogo, ndogo inanitosha. Na wikendi... wikendi tutakuwa wawili."

Lile neno lililokuwa kooni lilirudi chini likiuma. Wikendi! Célestine aliuchukua mkoba wake.

"Dada Pramila, niwie radhi. Nimesikia joto. Natoka kidogo."

Zéphyrin alimkuta ameketi ndani ya gari, mkoba mapajani, uso umefungwa. Akaingia, akafunga mlango taratibu.

"Mama Gloire..."

"Nani wa wikendi? Mimi?"

"Nisikilize kwanza..."

"Siku ya Pasaka uliniomba nini, Papa Keren? Uliniomba wikendi? Mimi nimekaa naumiza kichwa, silali, nawaza fleti, nawaza mtoto, kumbe mwenzangu ameshabadilisha mawazo! Na hukuniambia. Umemwambia muuza mabomba!"

"Gloire alikuja kuniona."

Célestine akamgeukia.

"Jumatano. Ametoka kazini, bado na nguo za hospitali. Nikamkaribisha, akakataa kupanda, akasimama hapo chini kwenye ngazi." Zéphyrin alizungumza akiitazama mikono yake. "Aliniambia wewe huwezi kumwambia mtu wa kanisa hapana. Aliniambia habari za lori na magunia ya makaa. Sikuzijua, Mama Gloire. Hujawahi kunisimulia. Akaniambia, kama unampenda mama yangu, usimrudishe kwenye lori. Sasa mimi ningesema nini?"

"Ungesema, ngoja nimuulize mwenyewe."

"Nikaona ubaki na mlango wako. Uje wikendi, tukae vizuri, tule, Jumatatu nikurudishe. Wikendi si haba."

"Na ndoa?"

"Ndoa ingesubiri."

"Isubiri nini? Tuna miaka mingapi wewe na mimi?" Sauti ilimpanda, na hakuishusha. "Mmekaa watu wawili mkanigawa kama mkate. Huyu achukue Jumamosi, yule achukue zilizobaki. Hakuna aliyenifungulia mlango akaniuliza."

"Niliogopa," alisema Zéphyrin.

"Uliogopa nini?"

"Kesho." Hapo ndipo alipomtazama, na macho yake yalikuwa yamelowa. Mtu ambaye besi yake inatikisa madirisha ya kanisa, sauti ilimkauka kabisa. "Niliogopa utasema hapana, na mtungi ule mkubwa utakaa hapa ndani, na mimi nitauona kila siku. Nikasema nichukue mdogo. Nijipunguzie mwenyewe kabla hujanipunguzia."

Hasira ya Célestine ilitaka kuendelea lakini ilikosa pa kushika. Alimpenda mtu huyu. Alimpenda na uoga wake na koti lake na dumu lake la bluu. Akatoa simu mkobani, akampigia Gloire, hapo hapo, Zéphyrin akisikia.

Gloire akapokea kwa Kiingereza, kama kawaida yake: yuko kazini, kuna nini?

"Umeenda kumwona Papa Keren."

Maneno yakatoka mfululizo, Kiingereza kinakimbia: kwamba hakwenda kwa ubaya, kwamba anakumbuka ule usiku na ile baridi juu ya magunia, kwamba aliapa akiwa mtoto mama yake hatalala tena ndani ya gari.

"Gloire. Mwanangu. Sikiliza." Célestine aliishika simu kwa mikono miwili. "Lile lori tulipandishwa. Hakuna aliyeniuliza nataka kwenda wapi. Hili naulizwa. Tangu Pasaka naulizwa, na mtu mwenyewe hanisukumi, amekaa pembeni anangoja. Unajua ni lini mara ya mwisho mtu aliniuliza mimi nataka nini?"

Upande wa pili kengele ya wodini ililia.

"Na ukichoka, Mama?"

Célestine alishtuka. Gloire alikuwa amesema kwa Kiswahili. Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha utotoni, cha Bukavu, kimekaa ndani miaka yote bila kutolewa.

"Nikichoka?"

"Ukichoka na barabara. Fleti hawatakurudishia."

"Nikichoka nitakuja kugonga kwako. Hutanifungulia?"

Gloire alikuwa analia sasa, na hakuficha. "Nitafungua," alisema. "Nitafungua, Mama."

Célestine alipangusa uso kwa ncha ya kitenge, akashuka garini bila kumwambia Zéphyrin neno. Zéphyrin akamfuata nyuma kama mtu anayeitwa na daktari. Dukani Pramila alikuwa ameshaufunga mtungi mdogo kwa karatasi, na kamba juu.

"Dada, ufungue huo," alisema Célestine. "Tupe ule mkubwa. Ule wa kuishi."

Pramila akamtazama, akamtazama na mzee aliyesimama mlangoni. "Mama, mzee alisema ya wikendi."

"Mzee alikuwa anaogopa. Sasa haogopi. Na chumvi utupe ya kutosha, hatutapita tena huku karibuni."

Zéphyrin hakusogea. Mpira wa maji ulikuwa umening'inia karibu na bega lake, akaushika kama anayetaka kuanguka.

"Célestine," alisema.

Alikuwa hajawahi kumwita hivyo. Kwake alikuwa Mama Gloire tangu siku ya kwanza, kwa watu wote wa kanisa alikuwa Mama Gloire, na mume aliyekuwa akimwita kwa jina lake alikuwa kaburini miaka mingi. Mwili ulimsisimka kuanzia visigino.

"Célestine, kesho ndiyo Pentekoste. Jibu ulisema kesho."

"Kesho nitakujibu mbele ya kanisa lote, uvae koti hilo hilo. Leo nina kazi." Akaufungua mkoba juu ya kaunta, akalitoa lile kopo, akafunua. Ndani mlijaa maharagi, yamevimba, yanang'aa, yameloa maji. "Haya niliyaloweka jana usiku, baada ya simu yako. Sasa beba mtungi twende, yasije yakachacha."

Pramila alipiga makofi. Zéphyrin aliinama, akaukumbatia mtungi mkubwa kwa mikono yote miwili, akauinua.